Nyamapori halali Dodoma: tozo inakatwa mara ngapi kabla kilo haijafika buchani?

KijanaWaMakulu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila bajeti inapokaribia tunaligusa jambo hili juu juu, halafu linazama kwenye Simba na Yanga. Leo naomba tulichambue mpaka mfupani. Ni tozo za kuchakata nyamapori. Sizungumzii ujangili, wala wageni wanaowinda kwa dola. Nazungumzia swala pala aliyewindwa kwa leseni upande wa Manyoni, akachunwa, akakaguliwa, akakatwa na kuuzwa kwa kilo kwa mama wa Nkuhungu ambaye hajawahi kushika hata manati.

Kwa wasiofuatilia: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamruhusu Mtanzania kuwinda kwa leseni, ila nyama yake haikuwa kitu cha kuanika mezani na kupimia watu. Kanuni za mwaka 2020 ndizo zilizoleta utaratibu wa kusajili mabucha ya nyamapori. Tukashangilia. Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, wabunge wapo, watumishi wamehamia, mnada wa Msalato Jumamosi haupitiki kwa watu wa nyama choma. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako kwa majirani zetu Manyoni. Ya Swagaswaga na Mkungunero yako huku Chemba na Kondoa. Mtu ungesema soko limekaa mlangoni.

Haya, hesabuni mikono inayomgusa huyo swala. Leseni ya kuwinda na ada ya mnyama mwenyewe, hiyo ni ya wanyamapori, yaani TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) na afisa wanyamapori wa wilaya. Ukaguzi wa nyama, hiyo ni mifugo. Ushuru wa machinjio, hiyo ni halmashauri kwa sheria ndogo yake. Kibali cha kusafirisha mazao ya mnyama, hiyo inatokana na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Kuna Bodi ya Nyama kwa Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006. Kuna TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wamebeba usalama wa chakula baada ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kuvunjwa na kuwa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Kuna leseni ya biashara, kuna TRA. Ukivuka wilaya kuna geti, na getini kuna kijana na mashine yake.

Sisemi hata mmoja wao hana kazi. Kila mmoja ukimuuliza atakupa sababu, na mara nyingi ni ya kweli. Ninachogombana nacho ni kwamba kila mmoja anakusanya kivyake, na wengine wanakusanya mahali ambapo hawatoi huduma yoyote. Getini hakuna anayepima joto la nyama. Hakuna anayefungua jokofu kuangalia muhuri. Anaangalia karatasi, anakupa kontrol namba, unalipa, unapita.

Halafu kuna suala la kutoza kwa kichwa. Swala pala dume ana kilo 60 hivi akiwa hai. Ukimchuna na kumtoa matumbo unabaki na kilo 30 na kidogo. Pofu anaweza kukuachia kilo 250 za mzoga au zaidi. Sasa chukulia tozo ya uchakataji ni shilingi 20,000 kwa mnyama (natoa mfano wa hesabu, si kiwango cha mahali popote). Kwa swala hiyo ni karibu shilingi 670 kwa kilo. Kwa pofu ni 80. Mwenye uwezo wa leseni ya pofu anapumua, mwenye leseni ya swala anabanwa koo. Wakati kwa sisi wananchi wa kawaida swala ndiye mnyama wetu.

Hoja yangu ni moja: itozwe mara moja, mahali nyama inapokaguliwa na kuchakatwa, kwa kilo, na risiti ile pamoja na muhuri viwe pasi ya nyama mpaka buchani. Wanaogawana wagawane huko nyuma ya pazia, mimi nisizunguke ofisi kwa ofisi. Shilingi 150 kwa kilo, kwa mfano huo huo, ingekuwa 4,500 kwa swala na 37,500 kwa pofu. Kila mtu anabeba mzigo wa ukubwa wake.

Karibuni. Matusi hapana.

Perege_wa_Mtera

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, usije ukadhani nyamapori ndio wameonewa. Njoo huku kwenye samaki uone. Perege anatoka bwawani Mtera anafika Dodoma mjini kashakatwa mkia na kichwa kwa risiti.

Mnyalu_Msafiri

Kwa hiyo tufunge uzi, turudi kwenye mpira? 😀

MuhuriWaBuluu

Mleta mada umeandika vizuri, ila umeharakisha pale kwenye ukaguzi na ndipo penyewe. Nimekuwa mkaguzi wa nyama miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema bila kuomba ruhusa.

Ng'ombe wa machinjio ya Kizota anakaguliwa mara mbili. Anaangaliwa akiwa hai: anatembeaje, anapumuaje, ana homa, anatoka udenda. Akishachinjwa anaangaliwa tena, tezi zinakatwa, maini, mapafu, moyo, figo. Mnyamapori hana ile mara ya kwanza. Aliyemwona akiwa hai ni mwindaji peke yake, kupitia darubini. Kwa hiyo ukaguzi wake ni mgumu kuliko wa ng'ombe, si mwepesi kama watu wanavyofikiri. Mwindaji anatakiwa aeleze: alikuwa na kundi au amejitenga? Alikuwa anachechemea? Risasi imeingilia wapi? Alikufa papo hapo au alikimbizwa? Aliyekimbizwa sana nyama yake inakuwa nyeusi na ngumu na haikai, kwa sababu sukari ya misuli imeisha kabla hajafa na ile asidi inayolinda nyama haijitengenezi ya kutosha.

Risasi ya tumboni ni msiba mwingine. Kinyesi kimesambaa ndani, na kama mzoga umekaa juani saa kadhaa ukisubiri gari, hapo mimi sigongi muhuri hata ukiniletea waziri. Na kandokando ya jeraha lazima pakatwe na kutupwa, maana risasi ya bunduki yenye madini ya risasi hupasuka vipande vidogo ambavyo jicho halioni.

Halafu kuna kimeta. Mnyama aliyekutwa amekufa, damu nyeusi inatoka puani au nyuma na haigandi, HAFUNGULIWI. Ukimfungua, vijidudu vinapata hewa, vinajigeuza mbegu na vinakaa ardhini miaka na miaka. Anachomwa au anazikwa shimo refu na chokaa. Nimeona watu wakigawana mzoga wa namna hiyo kwa sababu "ni kitoweo cha Mungu".

Kwa hiyo tozo ya uchakataji mimi naiunga mkono kwa mikono miwili, kwa sharti moja: imlipe mkaguzi. Impe gari, buti, visu, maabara, na posho ya kufika huko Itigi saa kumi na moja alfajiri. Tozo inayokusanywa kwa jina la ukaguzi halafu inajenga uzio wa ofisi ni kumwibia mlaji na mkaguzi kwa pamoja.

KijanaWaMakulu

Shikamoo mzee. Umeniongezea nguvu. Ndiyo maana nasema itozwe pale pale penye kisu na muhuri. Kama mkaguzi hakufika, tozo isiwepo.

MuhuriWaBuluu

Marahaba. Kama mkaguzi hakufika, nyama isiwepo. Usichanganye.

Mama_Ntilie_Sabasaba

Hapo mzee kamaliza. Mimi 2007 nilikuwa na kibanda changu cha chakula, ile homa ya Bonde la Ufa ilipopiga huku Dodoma. Mkoa wetu ndio uliumia kuliko yote. Watu waliikimbia nyama ya ng'ombe kama moto, tukawa tunapika maharage na dagaa mpaka wateja wakachoka. Tangu siku zile mimi nyama bila muhuri hainiingilii jikoni, iwe ya ng'ombe, iwe ya huyo swala wenu. Hiyo tozo mkiniongezea kwenye kilo nitalipa, ila nione muhuri.

Chuma_Chakavu

Wanasiasa hawawezi kukubali. Geti ni mapato. Umeshawahi kuona halmashauri inaondoa geti kwa hiari yake?

WakiliWaMtaani

@Chuma_Chakavu mbona imeshafanyika kwenye mazao. Sheria ya Fedha ya 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasema anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Kabla ya hapo gunia tatu za karanga za Mpwapwa zilikuwa zinasimamishwa kama zimebeba bangi. Halmashauri zililia, lakini ikapita. Na ule mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuwaondoa wadhibiti wawili watatu kwenye jambo moja. TFDA kuachia chakula kwa TBS ni tunda lake. Kwa hiyo njia ipo, imeshapitwa na wengine.

Ila nataka niongeze jambo ambalo mleta mada hakuligusa, na ndilo linalotofautisha nyamapori na karanga. Mwenye karanga akikosa risiti, anatozwa faini, anaondoka amenuna. Mwenye nyamapori akikosa karatasi anaingia kwenye kesi ya nyara za serikali. Kisheria nyama ya mnyamapori ni nyara. Thamani yake inapigwa kwa Kanuni za Uthamini wa Nyara za mwaka 2012, kwa dola za Marekani na kwa mnyama mzima, hata kama umekutwa na paja moja: swala pala dola 390, nyumbu 650, pundamilia 1,200, twiga 15,000. Inaunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na hapo tunaongelea kifungo kisichopungua miaka 20. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba umeipata kihalali uko begani kwako wewe uliyekutwa nayo.

Sasa jiulize mama wa Nkuhungu. Amenunua kilo mbili za nyama halali kabisa, kaziweka kwenye mfuko mweusi, risiti imelowa damu kaitupa. Anapanda bodaboda. Akisimamishwa atasema nini? Kwa hiyo ile hoja ya "risiti moja inayofuata nyama mpaka mwisho" mimi naiona kwanza kama kinga ya mlaji asifungwe, halafu ndio tuzungumze gharama.

Bodaboda_Ipagala

Duh. Kuanzia leo abiria mwenye mfuko mweusi aniambie kwanza ni nini.

MlinziWaPori

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nafanya kazi ya uhifadhi, sitasema wapi.

Mnaongea kama vile mageti yamewekwa kwa ajili ya kukomoa wafanyabiashara. Tuambizane ukweli. Nyamapori halali ikishakuwa rahisi kusafirisha, nyama ya usiku nayo inapata pa kujificha. Mtu ana leseni ya swala mmoja, anapiga watano. Mmoja anampitisha mlangoni, wanne wanapita kwa karatasi ya yule mmoja. Ukishakata nyama vipande, ukaweka kwenye jokofu, hakuna askari hata mmoja anayeweza kusema hii ni ya swala wa kwanza au wa nne. Maabara itakuambia ni swala, haitakuambia alikuwa na leseni.

Kwa hiyo mimi sitetei mageti kwa ajili ya pesa. Ninatetea macho. Kila mahali gari linaposimama ni nafasi ya kuuliza.

KijanaWaMakulu

Mkuu, hoja yako ina uzito, tusiikwepe. Lakini angalia: geti linalotoza na geti linalokagua ni vitu viwili. Simamisha gari hata mara kumi, fungua jokofu, soma namba, piga picha. Usinitoze tu. Kijana wa getini akiwa na lengo la makusanyo la mwezi, ana sababu gani ya kumzuia mwenye wanyama watano? Wale watano kwake ni mapato mara tano.

Na kipimo cha kilo ndicho kinachomkamata mjanja wako. Leseni inasema swala mmoja. Mizani ya machinjio imesoma kilo 31 za mzoga. Bucha limeuza kilo 120 kwa leseni hiyo. Hapo huhitaji maabara, unahitaji mtu anayejua kutoa na kujumlisha. Tozo ya kichwa haikupi hiyo habari kabisa.

MlinziWaPori

Hapo kwenye mizani umenishika. Kwa sharti mzoga ufike machinjioni mzima, na ngozi au kichwa viambatane mpaka upimwe. Ukikubali nyama iliyokatwa porini ipimwe, mchezo umeisha.

MuhuriWaBuluu

Na mimi nauhitaji mzima, pamoja na maini na mapafu yake kwenye mfuko wenye namba ile ile. Siwezi kukagua paja.

Kipupwe_Kusini

Salaam kutoka mbali wakuu. Niliwahi kuishi New Zealand, Kisiwa cha Kusini, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, kwa hiyo naomba niongeze kidogo maana wenzetu wale wana tozo hasa ya aina hii.

Kule kulungu wekundu si wenyeji. Waliletwa na walowezi karne ya 19 kwa ajili ya michezo ya kuwinda, wakazaliana bila simba wala chui wa kuwapunguza, wakala misitu mpaka serikali ikawahesabu kuwa waharibifu. Baadaye watu wakagundua kuna pesa Ulaya kwenye nyama ile, wakaanza kuwawinda kwa helikopta, wakiwaning'iniza kwa kamba na kuwashusha kwenye vituo. Kwa hiyo serikali yao haina hofu mliyonayo ya wanyama kuisha.

Mpangilio wao uko hivi. Ukiwinda kwa ajili ya kula nyumbani, ni shauri lako, lakini nyama hiyo huruhusiwi kuiuza wala kubadilishana na kitu. Ukitaka iingie sokoni inapita kwenye kiwanda kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Mazao ya Wanyama ya 1999, na anayeleta mnyama awe msambazaji aliyeidhinishwa. Anajaza fomu: kampiga wapi, saa ngapi, na kwamba eneo hilo halikuwekwa sumu za kuua wanyama waharibifu. Wana sumu moja wanaiita 1080, inamwagwa hata kwa ndege, kwa hiyo ramani ya mahali alipouawa mnyama ni suala la uhai wa mlaji. Tozo ya serikali inakaa kwa mchakataji, kwa wanyama anaowachakata, na maana yake ni kurudisha gharama za usimamizi: viwango, ufuatiliaji wa mabaki ya sumu na dawa, na mambo ya masoko ya nje. Mwindaji mwenyewe halipishwi kila anapopita barabarani.

Wachakataji nao hulalamika, msidhani ni peponi. Mnyama mdogo faida yake ni nyembamba na tozo inaonekana kubwa juu yake. Kilio kile kile cha swala na pofu.

Mnyalu_Msafiri

Helikopta! Sisi huku hata pikipiki ya afisa mifugo haina mafuta.

MfugajiKongwa

Samahani wakuu, mimi nasimama upande mwingine kabisa. Nafuga ng'ombe Kongwa. Ng'ombe wangu nalipa mnadani, nalipa kibali, nalipa machinjioni. Namlisha, namchanja, namwogesha, kiangazi namfuata malishoni mpaka miguu inavimba. Huyo swala wenu kafugwa na nani? Mvua ya Mungu. Halafu mnataka apunguziwe tozo aje kushindana na mimi buchani? Kama ni risiti moja kwa kilo, basi na mimi nipewe. Mkianza na mnyamapori mkamwacha ng'ombe, mtatugombanisha.

KijanaWaMakulu

Sijasema apunguziwe. Jumla inaweza hata kubaki ile ile, nalalamikia kuchanganyikiwa na kukatwa vipande vipande. Na kweli, nawe unastahili mfumo huo huo. Ukianzisha uzi wa ng'ombe nitakuwa wa kwanza kuweka saini.

MfugajiKongwa

Sawa. Nitauanzisha. Usije ukapotea.

MwenyeBuchaZamani

Ngoja niwaambie kitu kutoka ndani, maana wengi mnaandika kwa kukisia.

Nilifungua bucha la nyamapori. Mji sitautaja, wala ofisi zilizonizungusha. Nilipaka rangi, nikaweka vigae, nikanunua majokofu mawili. Tozo ziliniuma, ndiyo. Kuna karatasi niliyoifuata mara nyingi kuliko nilivyomfuata mke wangu wakati wa uchumba. Lakini kilichoniua si tozo. Kilichoniua ni jokofu tupu.

Msimu wa uwindaji wa wenyeji ni Julai mpaka Desemba. Baada ya hapo mwindaji mkazi anatulia. Leseni zenyewe zina mgao, huwezi kusema nataka swala thelathini kila wiki kama unavyoagiza kuku. Kwa hiyo mteja anakuja Februari anakuta nimeweka soda kwenye jokofu. Anakuja Machi, hivyo hivyo. Aprili haji tena. Kodi ya pango haina msimu. Umeme hauna msimu. Leseni ya biashara inahesabu mwaka mzima.

Kwa hiyo mleta mada, hata ukifuta tozo zote kesho asubuhi, bila chanzo cha nyama kisichokatika bucha halisimami. Chanzo hicho ni ranchi na mashamba ya wanyamapori. Hapo ndipo mtu anaweza kuvuna kwa mpango mwaka mzima, anajua ana pofu wangapi, anatoa wangapi. Tozo za mtu wa ranchi ndizo zitazamwe kwanza, maana huyo anajenga uzio, anaweka maji, anasubiri miaka kabla hajala senti.

KijanaWaMakulu

Hii ni hoja nzito kuliko yangu, na nadhani zinakutana. Tozo za mwaka mzima ndizo zinazomwumiza mwenye nyama ya nusu mwaka. Tozo ya kilo haina shida hiyo: Februari huna kilo, hulipi kitu. Kila ada isiyobadilika tunayoihamishia kwenye kilo ni mwezi mmoja wa uhai kwa bucha.

MwenyeBuchaZamani

Hilo nakubali. Ningekuwa nalipa kwa kilo huenda ningefika Julai ya pili.

TRA_Msinitafute

Swali la pembeni. VAT je? Mtu akitengeneza soseji za nyati?

WakiliWaMtaani

Nyama ambayo haijasindikwa imesamehewa VAT. Kukata, kutoa mifupa, kugandisha, kukausha au kutia chumvi bado inahesabika haijasindikwa, ilimradi hujaongeza thamani kupita kiwango kidogo kilichowekwa kwenye sheria, asilimia 5. Soseji umeshatoka huko, ni asilimia 18. Lakini usajili wa VAT unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, ilipandishwa 2023 kutoka milioni 100. Bucha la mtaani halifiki huko. Anayefika ni kiwanda.

Mtu_wa_KwaMtoro

Nimesoma kote sijaona kijiji.

Mimi ni Msandawe wa Kwa Mtoro. Wazee wetu waliishi kwa upinde kabla hajaja mtu wa kuwapimia leseni. Swagaswaga iko pale, tunaiona. Leo kijana wetu akimpiga digidigi kwa mshale ili watoto wale, ni kesi. Mtu wa mjini akija na leseni na gari lake, ni mwindaji halali, na nyama inakwenda Dodoma kuuzwa kwa wabunge. Sawa, sheria ni sheria. Lakini hiyo shilingi 150 yenu kwa kilo, mmeshaigawa kwa mkaguzi, kwa halmashauri, kwa TAWA, kwa Bodi. Kijiji kiko wapi?

Tembo wakila mtama wetu tunajaza fomu za kifuta jasho za kanuni za 2011, tunasubiri mpaka mtama mwingine unaota. Tunalisha wanyama hawa kwa mashamba yetu, yule ndugu wa Kongwa anasema wamelishwa na mvua. Waulize watu wa kusini mwa Chamwino, upande wa Mto Kizigo, watakuambia mvua inakula nini.

MfugajiKongwa

Nimekusikia ndugu yangu. Hilo la mtama sikulifikiria.

MlinziWaPori

Mtu wa Kwa Mtoro ameongea jambo ambalo sisi wa kazini tunalijua. Kijiji kinachopata kitu kutokana na nyama halali kinatupigia simu kikisikia bunduki usiku. Kijiji kisichopata kitu kinazima taa.

Chuma_Chakavu

Na fungu la kijiji likipitia halmashauri litafika?

Mtu_wa_KwaMtoro

Ndiyo maana nataka likatwe pale pale kwenye mizani, liingie akaunti ya kijiji kabla halijaona mlango wa ofisi yoyote. Kama mfumo unaweza kutoa kontrol namba moja na kugawa pesa kwa taasisi tano, hauwezi kuongeza ya sita?

WakiliWaMtaani

Kwa teknolojia unaweza. Kwa sheria inahitaji kuandikwa, si kuombana. Kamati ya Bunge ya Bajeti hualika wadau kutoa maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha kila mwaka, kwa kawaida Juni. Bunge liko hapa hapa kwetu, nauli ni ya daladala. Watu wa Dar wanapanda treni kuja kuongelea bia na sigara, sisi tunakaa kilomita mbili tunalalamika kwenye simu.

KijanaWaMakulu

Basi naandika rasimu. Nimechukua: tozo moja kwa kilo, ilipwe machinjioni kwenye ukaguzi, mzoga ufike mzima na viungo vyake, geti likague lisitoze, risiti yenye namba ya leseni ifuate nyama hadi kwa mlaji, na mlaji apewe kipande chake kisicholowa, ada za mwaka zihamie kwenye kilo, mtu wa ranchi atazamwe peke yake, fungu la kijiji alipouawa mnyama likatwe mizanini. Nani ana la kuongeza kabla sijaituma?

Mama_Ntilie_Sabasaba

Bei iandikwe ukutani.

MuhuriWaBuluu

Kilo ipi? Sema wazi. Mzoga wenye mifupa au nyama iliyotolewa mifupa? Wa moto au uliopoa? Mzoga ukilala kwenye ubaridi unapungua uzito. Usipoandika, watu watagombana mpaka mahakamani.

MwenyeBuchaZamani

Uliopoa, tafadhali. Mimi nauza uliopoa, silipii maji yaliyokauka.

MlinziWaPori

Wa moto. Kati ya moto na baridi ni usiku mzima, na usiku paja linaweza kutembea.

KijanaWaMakulu

Upimwe mara mbili: wa moto ukifika, kwa ajili ya kumbukumbu ya leseni, uliopoa asubuhi, kwa ajili ya tozo. Tofauti ikizidi ile ya kawaida ya kupoa, mwenye machinjio aeleze. Mzee, kawaida ni kiasi gani?

MuhuriWaBuluu

Asilimia mbili hivi kwa usiku mmoja, jokofu likiwa zima. Swala ni mdogo na hana mafuta ya kumfunika, anaweza kupita hapo kidogo. Andika tatu.